Nani Alisema Malkia Ndiye Mchota Maji

Fikirieni mtu aliyetumia miaka akijifunza kuwa watu wawili, halafu Jumamosi moja, kichwa kiko kwenye beseni la saluni na povu limemjaa masikioni, anasikia wale watu wake wawili wanaunganishwa kuwa mmoja. Tena wanaunganishwa bure bure, na watu wanaotafuna karanga.

Ndivyo yalivyomkuta mama mmoja ambaye kazini kwao wanamwita Bi Koo. Msusi alikuwa anamsugua kichwa huku akiwahutubia wateja wengine, kwa uhakika wa mtu aliyekuwapo mambo yakitendeka, kwamba Malkia wa tamthilia ya Ngome ya Chumvi na yule kikongwe Mchota Maji ni mtu yule yule. Eti Malkia hajawahi kuonyesha uso tangu atawazwe kwa sababu uso wenyewe tunauona kila siku pale kisimani. Eti giza likiingia anavua barakoa yake ya fedha, anajipaka masizi, anashuka kuteka maji ili asikie raia wanamsema nini. Na ushahidi? Sauti. Mtu asikilize sauti tu, basi, hahitaji kingine. Dada mmoja aliyekuwa chini ya kikaushio akatoa kichwa nje akasema yeye alishajua zamani sana, ila hakutaka kuwaharibia wenzake utamu.

Bi Koo akainuka na povu lake. Akauliza nani kasema. Msusi akajibu kwamba wanasema wote, kwani yeye anaishi wapi? Bi Koo akasema sauti zile hazifanani hata chembe, na anayeona zinafanana basi masikio yake ni ya kuwekea miwani tu. Msusi akamtazama kwenye kioo, taulo mkononi, akamuuliza kwa upole.

"Dada, mbona umechukia kama umetukanwa wewe?"

Alikuwa ametukanwa yeye, na hakuwa na ruhusa ya kusema.

Kazi yake ilikuwa kuingiza sauti. Tamthilia inatengenezwa huko nchi ya mbali kwa lugha yao, inafika huku ikiwa na midomo inayochezacheza, na kuna watu wanne wanaokaa kwenye chumba juu ya duka la magodoro na kuipa midomo hiyo Kiswahili. Wanne tu, jamani. Ngome ya Chumvi ina Malkia, ina wafalme wanaomnyemelea, ina majenerali, makuhani, wachawi, wake wa wachawi na jini moja la kisimani, na wote hao wamebanana kwenye makoo ya watu wanne. Kuta za chumba zimepigiliwa magodoro yaliyokataliwa na wateja wa chini. Feni inazimwa kila taa nyekundu inapowaka, watu wanatoka jasho kama wako jikoni, na pikipiki ikipita barabarani inabidi jenerali afe upya.

Wanawake wazima wote wa tamthilia ile walikuwa wake. Wapo aliowasemea ili siku ipite tu, lakini wawili aliwabeba moyoni. Malkia alimsemea akiwa amesimama, kidevu juu, mikono nyuma, na kusema kweli huyo hakumtoa jasho. Siku ya kwanza alifungua mdomo na Malkia akatoka mzima mzima, amri zimenyooka, hana tafadhali wala samahani, mpaka fundi mitambo akamwambia asibadilishe kitu. Shughuli ilikuwa Mchota Maji. Kikongwe cha watu, mgongo umepinda, anateka maji chini ya ngome na kila askari anayepita anampiga teke. Bi Koo alimjaribu kwa sauti ya kwanza, akatoka mbuzi aliyekabwa. Akamjaribu kwa ya pili, akatoka mlevi. Alikaribia kukata tamaa.

Asubuhi moja akiwa nyumbani akamsikia mama yake mzazi anapapasa meza akitafuta kikombe huku akijisemea. Akasimama mlangoni kusikiliza. Ile pumzi ndogo inayotangulia neno, kama mtu anayebisha hodi. Lile neno linaloanza vizuri na kufifia mwishoni. Na kile kikohozi kikavu, kifupi, kinachokoholewa kiganjani ili kisisumbue mtu. Akaibeba sauti yote jinsi ilivyo, akaenda nayo kazini, akaketi kwenye kigoda kifupi, kidevu kifuani, akaitoa. Alipomaliza, fundi mitambo, ambaye si mtu wa maneno, alivua hedifoni akaenda kusimama dirishani.

Sasa mtu kama huyo umwambie sauti zake mbili ni moja.

Kusema hakuruhusiwa kwa sababu ya mkataba. Majina yao hayaandikwi popote, na hawatakiwi kumwambia mtu, hata wa nyumbani. Mkurugenzi ana maneno yake juu ya hilo. Anasema mtazamaji akimjua mwenye sauti, hamuoni tena Malkia, anamuona mama wa jirani anachagua nyanya. Kwa hiyo nyumbani Bi Koo alimwambia mama yake kwamba anafanya kazi ofisi fulani, anapokea simu. Mama akasema sawa.

Waliishi wawili tu. Bi Koo aliachika zamani na hakulia, na mama yake alihamia kwake presha ya macho ilipomaliza kumchukulia mwanga. Na mtu asije akasema mzee yule hakutunzwa. Alipikiwa, alifuliwa, alipakwa mafuta miguuni. Mama, kaa hapo. Mama, usiguse jiko. Mama, kikombe kiko kulia, nimeshakwambia. Mama, nani amekuruhusu kuinuka? Asubuhi Bi Koo alimshika mkono mpaka kibarazani kwa fundi cherehani wa jirani, akamkalisha kwenye kiti chake, akamwambia fundi asimwache azurure, na jioni akaja kumchukua. Mtu mwenye mgonjwa hana muda wa maneno ya sukari, ndivyo alivyoona yeye.

Jioni walikaa kufuatilia Ngome ya Chumvi pamoja. Mama aligeuzia televisheni sikio lake zuri, mikono mapajani. Bi Koo hakutazama televisheni, alimtazama mama. Mchota Maji alipokohoa, aliutazama uso ule aone kama utashtuka. Haukushtuka hata siku moja. Mzazi wake mwenyewe, asiyebakiwa na kitu ila masikio, alikuwa amekaa mbele ya sauti yake mwenyewe asiijue. Wengine wana shahada ukutani, yeye shahada yake ilikuwa hiyo.

Ndiyo maana saluni ile ilimkera mpaka usingizi ukapaa. Akaanza kusikia uvumi ule kila mahali, kama mtu aliyenunua kiatu kipya anavyoona viatu vyake kwenye miguu ya watu. Foleni ya benki wanajadili. Kwenye simu kuna makundi ya watu wanaojiita Wanangome, watu wazima wenye watoto, wanarushiana ujumbe wa sauti mrefu kama hotuba ya bajeti. Ushahidi wao ulitia hasira na kichekesho pamoja. Mbona Malkia na Mchota Maji hawajawahi kukutana? Mbona Malkia hatembei, amekaa tu, kama si kuficha kwamba anachechemea? Na kubwa kuliko yote, kile kikohozi. Kuna siku Malkia alikohoa barazani mbele ya makuhani, kikohozi kikavu cha Mchota Maji kabisa. Wanangome walikikata kikohozi hicho, wakakirudia, wakakipunguza mwendo, wakaapa kwamba waandishi wa tamthilia wamekitega makusudi.

Waandishi gani? Malkia wa nchi ya mbali hakukohoa kamwe. Aliyekohoa ni Bi Koo, siku hiyo ana mafua, umeme unayumbayumba, na fundi mitambo akasema waache hivyo hivyo kabla mashine hazijazimika. Mafua yake yamekuwa siri ya kifalme. Alitamani apande juu ya paa awatangazie watu wote kwamba ni mafua tu, ni mafua, nendeni mkalale. Akameza.

Jumatatu Mkurugenzi alimwita. Ofisini mwake kuna kiti kimoja cha wageni, na kiti hicho kinanesa, kwa hiyo kila anayekaa anaanza maongezi akiwa ameshashtuka. Alimweleza kwamba uvumi umemfikia na haumpendezi. Sehemu ya mwisho ya msimu inakuja, na humo Malkia na Mchota Maji wanakutana hatimaye. Malkia anaagiza kikongwe kitolewe nje ya ngome, na kinafia langoni. Watazamaji wataona miili miwili inazungumza kwa koo moja, watacheka, na watu wakicheka mahali pa kulia, tamthilia imekwisha. Yeye ameamua Mchota Maji apewe yule dada mpya, yule wa matangazo ya redio. Malkia abaki kwa Bi Koo. Halafu akaongeza, akimtazama vibaya, kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na angependa kujua ni nani humu ndani aliyetoka kwenda kusema kwamba wanawake wale wawili wana msemaji mmoja.

Dada wa matangazo ya redio alikuwa anatangaza sabuni. Sabuni! Mtu ambaye maishani mwake hajawahi kusema sentensi isiyoishia na povu, apewe pumzi ile, apewe kifo kile cha langoni ambacho Bi Koo alikuwa amekifanyia mazoezi kichwani tangu maandishi yalipofika. Hakupiga kelele, koo lake lilikuwa mali ya kazi. Alimwambia Mkurugenzi kwamba sauti hazifanani, na hazikuwahi kufanana. Kuna mtu amewatia watu maneno hayo masikioni, na mtu akishatiwa neno sikioni atalisikia hata kwenye kengele. Ampe nafasi. Atamtafuta aliyeanza, atamleta na maelezo, na uvumi utakufa. Mkurugenzi akakuna shingo, akasema haya, mpaka siku ya kurekodi sehemu ya mwisho. Akija mikono mitupu, Mchota Maji ameondoka.

Basi mwanamke akaingia kazini. Alianza kwa msusi, na safari hii hakwenda kuosha nywele. Msusi alijitetea, kisha akakubali kwamba alisikia kwa mama wa duka la dawa, maana mama yule anaongea taratibu na kila asemalo linasikika kama maelekezo ya dozi. Bi Koo akaenda duka la dawa. Mama wa dawa hakukana hata kidogo. Alivaa miwani vizuri akaieleza nadharia yote tangu mwanzo, akaongeza kwamba kikohozi kile si cha baridi, ni cha vumbi la chumvi, na kama Malkia angefika dukani angempa dawa ya maji ya kijiko kimoja asubuhi na jioni. Bi Koo alisimama pale anaandikiwa dawa ya mafua yaliyokwisha kupona, uso umemvimba kwa hasira. Akauliza yeye alisikia kwa nani. Mama wa dawa akasema alisikia alipopeleka sketi kupunguzwa kiuno, kwa fundi cherehani.

"Fundi cherehani gani?"

Alipoelekezwa, hasira ilibadilika rangi. Alikuwa ameelekezwa nyumbani kwake. Fundi yule yule, jirani wa ukuta kwa ukuta, anayemwachia mama yake kila asubuhi, anayemletea zawadi sikukuu. Kumbe mtu anaacha kula na kulala, anazunguka mji mzima kumtafuta adui, adui yuko kibarazani anapiga pindo. Njia nzima alikuwa anapanga maneno, na maneno yenyewe yalikuwa ya Malkia, hayana kona.

Fundi alimwona akija mchana, saa asizozizoea, akaondoa mguu kwenye cherehani. Mama alikuwa ameketi mwisho wa kibaraza, anazungusha uzi kwenye vibobini kwa kupapasa. Bi Koo akauliza moja kwa moja kama ni yeye anayewaambia wateja kwamba Malkia ndiye Mchota Maji. Fundi akachomoa pini mdomoni, akazichomeka begani mwa gauni, akapunguza sauti.

"Kwani mama hajakwambia? Si ni yeye anayesema."

Akaeleza kwa mshangao wa mtu anayeeleza jambo linalojulikana. Kila asubuhi mama anawasimulia sehemu ya jana. Wanawake wanaleta nguo zisizo na hitilafu yoyote, wanajifanya kifungo kimelegea, ili wakae wasikilize. Tangu mwanzo mama aliwaambia Mchota Maji ndiye Malkia, na akaapa. Mmoja alipobisha, mama akawaigiza wote wawili hapo hapo kitini. Fundi akasema, bila kujua anamchoma nani, kwamba anawaigiza vizuri kuliko hata hao wa televisheni.

Bi Koo alimshika mama mkono, akamwinua, akampeleka nyumbani, akafunga mlango. Ndipo yakamtoka. Alimwambia mama hajui amefanya nini. Kwa maneno ya kibarazani amemharibia kazi yake, na kesho kutwa kitu alichokitengeneza kwa mikono yake kinapewa mtu wa sabuni. Alipofika hapo akagundua ameshavunja mkataba, na akaona liwe liwalo. Akasema yeye hapokei simu popote. Yeye ndiye.

"Najua," mama akasema.

Alipapasa kiti, akakaa mwenyewe.

"Simu gani hizo zinazomkausha mtu koo, kila jioni tangawizi? Nilikujua siku ile ile ya kwanza. Nikuzae mimi, nikunyonyeshe, halafu nikusikie kwenye televisheni nisikujue?"

Bi Koo akauliza kwa nini basi alikaa kimya wakati wote huo. Mama akajibu kwamba alikuwa anangoja aambiwe. Kila jioni alikaa pale akifikiri labda leo mtoto ataona aibu aseme, na jioni zikapita. Halafu uso wake, uso ule ambao Bi Koo aliukagua mwaka mzima usishtuke, ukabadilika. Hasira ya mama ilipotoka, hasira ya mtoto ilionekana ya kitoto.

"Na mimi mwenyewe nilijijua," akasema. "Kikohozi changu. Pumzi yangu. Umenichukua bila kuniomba ukanipeleka kuteka maji. Kila siku nakaa kwenye kiti hiki nasikia askari wananipiga teke, nami nasema asante, bwana. Mimi nilimwambia nani asante, bwana? Baba yako alipotuacha, mwenye nyumba alikuja kututoa na kufuli mkononi. Aliondoka na kufuli lake. Uliza majirani wa zamani. Leo mwanangu ananitia mdomoni asante, bwana, na dunia nzima inanisikia."

Bi Koo alijitetea, na alijitetea kwa ukweli, maana ndivyo alivyoamini. Alisema Mchota Maji ndiye anayependwa kuliko wote. Watu wanalia kwa ajili yake. Mama akakata.

"Wanamhurumia. Nani alikwambia nataka huruma?"

Akaeleza basi jinsi ilivyokuwa, kwa sauti ya chini, na Bi Koo akalazimika kukaa naye. Alisema hakuwa na njia ya kuingia ndani ya televisheni amtoe yule bibi. Macho hana, na miguu yake anaamriwa. Alichobakiwa nacho ni mdomo. Akawaambia wanawake wa kibarazani kwamba yule si mtumwa, yule ni Malkia, amejificha tu kwa sababu zake. Wakaamini. Tangu siku hiyo bibi akipigwa teke hakuna anayesema masikini. Wanasema mwacheni askari huyo ajifurahishe, siku ya taji ataeleza. Mji mzima unamngojea bibi asimame.

"Sasa niambie wewe uliye ndani," mama akasema. "Mwisho wake anasimama?"

Hilo nalo lilikuwa siri ya mkataba, na hata lisingekuwa siri, Bi Koo asingeweza kulitamka. Alinyamaza. Feni ya dari ilizunguka. Mama alisikiliza kimya kile kwa muda, akatikisa kichwa.

"Kumbe anakufa. Basi asife na sauti yangu. Niachie."

Siku ya kurekodi Bi Koo alifika mapema, akakaa kwenye kiti kinachonesa, akamwambia Mkurugenzi kwamba aliyeanza uvumi hakumpata. Mkurugenzi akafurahi kuliko adabu inavyoruhusu, akampigia dada wa redio. Na jamani, mtu asidhani Bi Koo aliikabidhi sauti ile kwa moyo mkunjufu. Iliondoka kama jino. Alikuwa amepigana na mji mzima kwa ajili yake, ametukana masikio ya watu, na juu ya aliyemshinda hakuwa hata na pa kupeleka mashitaka. Hasira ilikuwa imejaa kifuani na haina anwani.

Akaipeleka kwa Malkia. Alisimama mbele ya maikrofoni, kidevu juu, mikono nyuma. Dada wa redio alikaa kwenye kigoda kile kifupi, kigoda chake, akamtoa Mchota Maji aliyechangamka kama mtu aliyetoka kuoga. Malkia alimwambia kikongwe atoke. Kikongwe kilijaribu kuinuka mbele ya kiti cha enzi, na Malkia akauliza nani amekuruhusu kuinuka. Mara moja tu, bila kurudia. Fundi mitambo alisema tangu waanze tamthilia hii Malkia hajawahi kuwa mkali namna ile, na akamwomba radhi kwa yaliyotokea, maana hata yeye alijua kilichochukuliwa.

Sehemu ya mwisho ilipoonyeshwa, nchi haikutulia. Wanangome walichachamaa. Walioapa kwa sauti walisema sasa ushahidi umekamilika, Mchota Maji wa kweli amebadilishwa, aliyefia langoni ni wa bandia, na Malkia yuko kwenye kiti chake kama kawaida. Msusi alisema hivyo, mama wa dawa akasema hivyo akiongeza sababu za kitabibu. Watu walewale waliokuwa hawasikii tofauti ya mbuzi na kinanda leo wamesikia koo limebadilika. Bi Koo angekuwa na nguvu angewacheka.

Lakini hayo yalikuwa ya kesho yake. Jioni yenyewe walikaa wawili kama siku zote, mama na sikio lake zuri. Langoni, dada wa redio alikata roho kwa sauti safi kabisa. Mama hakukunja uso wala hakusikitika, akasikiliza kama mtu anayesikiliza msiba wa mtaa wa pili. Bi Koo alishusha pumzi. Aliona deni limelipwa. Alikuwa ametoa kitu alichokipenda kuliko vyote alivyowahi kufanya, kakitoa kimya kimya, na alitazamia walau neno.

Muziki wa mwisho ukaanza. Mama akashika mikono ya kiti, akajiinua kwenda kuchukua maji ya kunywa.

"Mama, kaa hapo," Bi Koo akasema. "Nani amekuruhusu kuinuka?"

Mama alibaki amesimama nusu. Kwenye televisheni walikuwa wanarudia vipande vya msimu mzima, na Malkia alikuwa anaongea. Mama aligeuzia sikio televisheni, kisha akaligeuza taratibu upande wa mwanawe, kisha televisheni tena.

"Yule wa kisimani umemtoa, nimesikia," akasema. "Sasa huyu mwingine, huyu tunayekaa naye humu ndani, yeye atatoka lini?"

Bi Koo alifungua mdomo amjibu, akaogopa sauti itakayotoka.